Masharti ya Bi Mdogo

"Amekiri!" Mkuu wa kituo alilibamiza faili mezani. "Mtu mzima, ana akili zake timamu, kakaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia wewe, kasema ni yeye aliyemgonga. Sasa unataka nini tena, Pilipili? Malaika ashuke kutoa ushahidi?"

"Nataka anieleze kwa nini alikiri kabla hajaulizwa."

"Dhamiri ilimsuta."

"Dhamiri gani hiyo, Mkuu, inamsuta mtu akiwa kibarazani kwake, lakini barabarani, mwanamke anagaragara kwenye damu, haikumsuta?"

Mkuu alitazama saa, kama ilivyokuwa tabia yake akibanwa. Mpelelezi aliyekaa mbele yake aliitwa Pilipili na kituo kizima, si kwa sababu ya kimo chake bali kwa sababu ya ulimi wake, na siku hiyo ulimi ulikuwa umewaka tangu asubuhi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Juzi alfajiri, mama mmoja mfagia barabara aligongwa kwenye mteremko wa kuingia sokoni. Aliyemgonga alikwenda zake. Mama wa watu alifia hospitali siku hiyo hiyo. Mwuza magazeti aliliona gari kwa nyuma likiondoka: gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa, la kizamani, buti lake limechongoka kama kabati la bibi. Mji mzima una gari moja tu la namna hiyo, nalo ni la mwalimu mstaafu anayeliendesha kila siku ya Mungu, sokoni, kliniki na makaburini kwa mkewe. Askari walipofika kwake walikuta taa ya mbele imevunjika na mzee amekaa kibarazani, amevaa koti na viatu, tayari. Wakasema, "Shikamoo, Mwalimu." Akasema, "Ni mimi. Twendeni."

"Ripoti inasema barabarani hakuna alama hata moja ya matairi kuburuzika," Mkuu aliendelea. "Hakushika breki. Kwa nini? Kwa sababu hana breki. Imeandikwa hapa, breki ya mkono mbovu. Gari lile lina umri wa kustaafu kama mwenyewe. Lingekuwa chuma chakavu zamani."

"Breki ya mkono siyo breki ya kusimamisha gari barabarani! Hivi nani aliyeandika upuuzi huu?"

"Pilipili."

"Nauliza tu."

"Mchana huu anapanda mahakamani. Akikiri mbele ya hakimu, basi, mimi nafunga faili. Kama una neno, liwe limefika hapa kabla gari la mahabusu halijaondoka."

Mzee mwenye umri ule, akiingia gerezani, asingetoka kwa miguu yake. Pilipili alilijua hilo na Mkuu alilijua hilo. Alitoka akaubamiza mlango.

Kwenye benchi la korido alikaa mdogo wa yule mama aliyegongwa, mshonaji wa nguo, uzi mweusi bado umemganda kwenye mkono wa blauzi. Alikuwa hapo tangu jana. Hakulia. Alikuwa amekasirika kupita kulia.

"Afande, mimi swali langu ni moja tu. Alipomgonga dada yangu, alisimama?"

"Nani kakwambia nini?"

"Hakuna anayeniambia chochote. Nimemuuliza yule mzee mwenyewe pale kwenye nondo. Nimemwambia, baba, niambie tu, ulisimama ukamtazama, au ulipita kama umemkanyaga mbwa? Akageukia ukuta." Aliunyofoa ule uzi mweusi kwenye mkono wa blauzi. "Mtu anayekiri kuua anashindwa kujibu hilo?"

Pilipili alikwenda moja kwa moja mahabusu. Mwalimu alikuwa amekaa wima kwenye sakafu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mzee, alfajiri ile ulikuwa unakwenda wapi?"

"Dukani."

"Duka gani linalofunguliwa alfajiri?"

"Nilikuwa natembea tu, mwanangu."

"Ukiwa peke yako?"

"Mimi naishi peke yangu."

"Mzee, unanidanganya, na hujui kudanganya. Miaka yote hiyo ulikuwa unawachapa watoto kwa kosa hili hili."

Mwalimu aligeukia ukuta. Pilipili alisikia hamu ya kumtikisa yule mzee mpaka meno yagongane, akaona heri atoke uani.

Uani kulikuwa na fujo nyingine. Dereva wa gari la kuvutia magari alikuwa anamfokea askari wa zamu, mnyororo uliokatika begani.

"Nani atanilipa mnyororo wangu? Hamkuniambia magurudumu ya nyuma yameng'ang'ania! Nimelivuta kutoka uani kwa yule mzee kama navuta ng'ombe asiyetaka kwenda machinjioni. Likachora mistari mpaka getini!"

"Yameng'ang'ania yote mawili?" Pilipili aliuliza.

"Yote. Kaangalie mwenyewe. Breki ya mkono imevutwa mpaka juu kabisa, na hata ukiishusha hairudi."

Pilipili aliliendea gari, akachungulia dirishani. Kweli, mkono wa breki ulikuwa umesimama wima. Akalizunguka gari mara mbili.

Pilipili naye alikuwa na la kwake, gari kuukuu la marehemu baba yake, ambalo askari wenzake waliliita Makumbusho. Mlango wa dereva wa Makumbusho haukufunguka kwa ndani. Ilibidi ushushe kioo, utoe mkono nje, ufungue kama unafungua banda la kuku. Askari mgeni akiazimwa lile gari, hukaa humo akigonga kioo mpaka mtu amwonee huruma. Kwa hiyo alichojua yeye, na Mkuu hakukijua, ni kwamba gari kuukuu linaloendeshwa kila siku lina masharti yake kama mganga. Mwenye gari ameyashika mpaka ameyasahau. Mtu mwingine akilipanda, lazima atavunja sharti moja.

Alichotaka sasa ni kujua masharti ya gari la Mwalimu.

*

Fundi wa gari la Mwalimu alikuwa na gereji nyuma ya kiwanda cha mbao. Mji mzima ulimwita Kelele. Alikuwa amelala chini ya lori, na alipoiona miguu ya Pilipili alianza kujitetea kabla hajatoka.

"Mimi sijui kitu! Gari la Mwalimu lilikuwa hapa siku moja kabla ya ajali, ndiyo, lakini lilitoka zima!"

"Toka huko chini."

Kelele alitoka, akajifuta kwa tambara chafu kuliko mikono yake. "Afande, watu wananitazama vibaya. Wanasema nimemwachia mzee gari bila breki. Nitakosa wateja kwa sababu ya uongo huo."

"Siku hiyo ulilijaribu barabarani?"

"Nalijaribu kila mara. Nitamrudishiaje mtu gari bila kulijaribu?"

"Ukabaki nalo?"

"Nibaki nalo niende nalo wapi?"

"Sokoni. Alfajiri. Ukamgonga mtu, ukalirudisha kwa mzee kimya kimya, na mzee akakuonea huruma kwa sababu wewe ni kama mwanawe."

"Weee!" Kelele alilitupa lile tambara chini. "Tena ukome, Afande, samahani kwa kusema hivyo. Jioni ile Mwalimu alilichukua mwenyewe, kabla ya mvua. Waulize hao wa mbao, walimsaidia kulisukuma, maana Bi Mdogo akishapoa hapendi kuamka."

"Bi Mdogo ndiye nani?"

"Gari! Marehemu mkewe ndiye aliyelipa jina. Alikuwa anasema mume wangu ameniolea mke mwenza, anamwogesha kila Jumamosi, mimi hata mgongo hanisugui." Kelele alicheka, akakumbuka hali ilivyo, akaacha. "Breki za mguu nilizifunga kwa mikono yangu hii. Ukigusa, gari linasimama wima. Njoo uniue mimi kama ni uongo."

"Na ya mkono?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kelele."

"Ya mkono ni mbovu, nakubali. Waya wake umeota kutu ndani ya ala. Ukiivuta, inakamata magurudumu ya nyuma na hairudi tena mpaka mtu alale chini na nyundo. Waya wa gari lile haupatikani. Nilimwambia Mwalimu nimkatie waya wa pikipiki, akanitukana kwa Kiswahili sanifu. Akasema Bi Mdogo hawezi kuvalishwa nguo za mitumba."

"Sasa analiegeshaje?"

"Analitia gia, anakunja usukani upande, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ana jiwe lake, linakaa ndani ya buti kwenye kipande cha gunia. Hata hapa kwangu, hapa palipo tambarare kama meza, haingii ndani kabla hajaweka jiwe."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayelala chini na nyundo, Afande! Nivute breki ile nina wazimu?"

Fundi alikuwa na kelele nyingi, lakini hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Aliyevuta ile breki hakuwa Kelele, na hakuwa Mwalimu.

"Chukua nyundo yako," alisema. "Nenda kituoni ukaifungue. Ukifika, usimwambie mtu neno."

"Mimi?"

"Ndiyo maana nakuonya."

*

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa juu ya mteremko, uwanja wa udongo mwekundu umeinamia getini. Mwanawe, meneja wa kampuni ya bima, alikuwa uani anaongea na simu. Gari lake kubwa jeusi, la mwaka juzi tu, lilikuwa kando ya ukuta. Alipomwona Pilipili alikata simu, akavaa uso wa msiba.

"Afande, karibu. Nimewahi kumwambia mzee. Mara ngapi? Nikamwambia baba, litupe hilo debe, nitakununulia gari la heshima. Watu kazini wananicheka, meneja mzima baba yake anaendesha kitu kama hicho. Hakusikia. Ona sasa."

"Wewe umewahi kuliendesha?"

"Mimi? Lile takataka? Hata kulipanda sipandi."

"Na ulifika hapa lini?"

"Baada ya kupigiwa simu kwamba mzee amekamatwa. Niliruka kwenye gari nikaja mbio."

"Kwa gari hili?"

"Ndiyo."

Pilipili aliinama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia ajali, na haikurudi tena. Udongo ulilowa, kisha jua likaukausha na kila kitu kilichopita juu yake. Matairi membamba ya Bi Mdogo yalionekana yakitoka na yakirudi. Mabuti ya askari yalionekana. Mistari miwili ya magurudumu yaliyoburutwa ilikwenda mpaka getini, kama dereva wa mnyororo alivyosema. Lakini matairi mapana ya gari jeusi hayakuwa yamechora popote. Gari lilikuwa limekaa pale, na udongo chini ya tumbo lake ulikuwa mkavu, laini, haukuguswa na tone la mvua.

"Bwana Meneja, gari lako lilishuka hapa kwa parachuti?"

"Unasemaje?"

"Limekaa hapa tangu kabla ya mvua. Ulilala hapa. Usiniletee hadithi ya kuja mbio."

Meneja aliligeukia gari lake. "Sawa, nililala hapa. Nilichanganya siku. Nina msiba kichwani."

"Basi ondoka nalo hapo, nione."

"Haliwaki," alisema polepole. "Lina hitilafu ya umeme. Linasubiri fundi wa kampuni aje na kompyuta."

"Tangu lini?"

Meneja aliirudisha simu mfukoni.

"Tangu alfajiri ile, sivyo? Ulikuwa na safari, gari la heshima likakugomea. Ukaondoka na nini?"

"Afande," Meneja alisema, na ule uso wa msiba ukamtoka, "baba yangu amekiri. Kwa maandishi. Wewe unahangaika na udongo. Kamuulize yeye."

Hapo alisema kweli, na hilo ndilo lililomchoma Pilipili. Udongo ule ungeonyesha kwamba mtu huyu ni mwongo, lakini waongo hawafungwi kwa uongo mtupu. Ngao yake ilikuwa mzee aliyekaa kwenye sakafu ya mahabusu na vifungo vyote vimefungwa, na mtoto huyu wa kiume alikuwa ameishika ngao hiyo mbele yake bila hata aibu.

Akageuka aondoke, na hapo ndipo alipoliona. Katikati ya uwanja, Bi Mdogo anapolala, lilikuwepo jiwe jeusi la pembe nne, limelainika kwa kushikwa. Udongo uliorushwa na mvua ulikuwa umelikaukia mpaka juu. Pilipili alipiga magoti, akaling'oa. Chini yake palibaki shimo safi lenye vumbi kavu. Mwalimu aliliweka pale jioni, kabla ya mvua. Alfajiri aliyeondoka na gari aliliacha hapo hapo, wala hakujua kwamba lina kazi.

Aliliviringisha ndani ya leso yake.

"Hicho nini?" Meneja aliuliza.

"Kitu cha baba yako. Na wewe vaa viatu, unakuja na mimi."

*

Makumbusho lilipoingia kituoni, gari la mahabusu lilikuwa tayari limewashwa. Pilipili alishusha kioo, akatoa mkono, akajifungulia mlango.

"Nataka jaribio moja, Mkuu. Dogo tu. Mzee alizunguke jengo na gari lake, aliegeshe hapa uani, basi. Akishindwa kuliendesha vizuri, utakuwa umeshinda."

"Una kichaa."

"Ninacho. Niruhusu."

Mkuu alitazama saa, kisha akamtazama Meneja aliyekuwa anarekebisha tai, kisha akaashiria waendelee. Kelele alitoka chini ya Bi Mdogo na nyundo yake, uso mweusi kwa grisi na mdomo umefungwa kwa nguvu kiasi kwamba mishipa ilimtoka. Pilipili alifungua buti mwenyewe, akaona kipande cha gunia kimekunjwa, kitupu. Akaliweka jiwe juu yake, akafunga. Hakuna aliyeuliza.

Walimfungua Mwalimu pingu. Alipoiona ile taa iliyovunjika alisita, akaigusa kwa kidole, kisha akaingia. Askari mmoja alikaa kando yake. Mzee alivuta nusu choki ya kuamshia injini iliyopoa, akasubiri, akaisukuma kidogo, akawasha. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono kifuani, anamwangalia kama mtu anayemwangalia nyoka.

Bi Mdogo alizunguka jengo akikohoa. Aliporudi uani, Mwalimu alipunguza mwendo kwa mguu, na gari likasimama pale pale bila kelele. Kelele aliguna kwa fahari, Pilipili akamkanyaga kidole. Mzee alikunja usukani kuelekea ukutani, akatia gia ya kwanza, akazima. Mkono wa breki ulikuwa pale pembeni yake, umelala. Hata hakuutazama.

Akashuka. Akaenda nyuma, akafungua buti, akachukua jiwe. Aliinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akaliweka nyuma ya gurudumu, akalishindilia kwa kisigino mara mbili. Kisha akapangusa mikono yake kwenye koti, akainua kichwa, akakuta watu wote wanamtazama.

"Mzee," Pilipili alisema, "jiwe hili nimelitoa nyumbani kwako. Lilikuwa chini. Mvua imenyesha juu yake, na chini yake ni pakavu. Gari limetoka na kurudi, jiwe halikunyanyuliwa. Na breki ya mkono tulikuta imevutwa mpaka mwisho. Sasa niambie tena kwamba ulikuwa wewe."

Mwalimu aliitazama mikono yake kama imemsaliti.

"Alikuwa na hofu!" Meneja alipaza sauti. "Ukimgonga mtu unachanganyikiwa, unasahau jiwe, unavuta chochote! Mkuu, hii si sheria, huu ni mchezo wa kuigiza!"

"Na sasa hivi hana hofu?" Pilipili alimgeukia, na sauti yake ikagonga kuta za ua. "Amefungwa pingu siku mbili, anakwenda gerezani akafie huko, anatetemeka mpaka miguuni, na jiwe ameliweka! Angeliweka hata akiwa amelala! Wewe ndiye usiyejua jiwe, kwa sababu uliona aibu kukaa humo ndani!"

"Baba, usiseme kitu. Fikiria wajukuu zako."

Hapo ndipo mshonaji aliposhuka ngazi. Hakumwangalia Meneja. Alimwendea mzee mpaka walikuwa uso kwa uso.

"Baba, nakuuliza mara ya mwisho. Ulisimama?"

Mwalimu aligeuza kichwa huku na huku. Safari hii hapakuwa na ukuta wa kugeukia.

"Ningekuwa mimi, mwanangu," alisema, "ningesimama."

Gari la mahabusu lilikuwa linanguruma bure. Mkuu alimwashiria dereva alizime. Pilipili alichukua pingu zilizokuwa mkononi mwa askari, akamwendea Meneja, akamshika kiwiko. Hakuwa mpole.

"Baba!" Meneja aliita. "Baba, waambie!"

Mzee aligeuka. Hasira aliyokuwa ameifungia vifungo siku zote hizo ilikuwa imefika usoni, na ilimfanya aonekane mrefu.

"Niwaambie nini? Nilitoka nje alfajiri nikakuta umeliegesha uwanjani kwangu, hapana hata kuku, umevuta breki kwa nguvu zako zote." Alinyoosha kidole kilichotapakaa udongo wa jiwe. "Kule barabarani, kwenye mtu, hukushika hata moja."